Difu ya Pikapu Isiwagombanishe!

Kama wewe na mwenzio mna pikapu ya fo-wili, najua oili ya injini hamuisahau. Fundi amebandika karatasi kwenye kioo, basi mambo safi. Sasa niambie: oili ya difu mara ya mwisho mlibadilisha lini? Kimya, eti?

Hapa kwetu Lugoba hiyo si ishu ndogo. Mume wangu anabeba mizigo, mimi nashika daftari la hesabu. Kwenye lami ya Chalinze–Segera gari linateleza tu, lakini ukikata kona kuingia vijijini ni vumbi kiangazi, matope masika. Na pikapu hiyo ndiyo inayolipa ada ya watoto.

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ndani yake kuna meno yanayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, yakisuguana muda wote. Kinachoyalinda ni oili nzito. Fo-wili ina difu mbili, na ile ya mbele ndiyo wengi huisahau.

Mara ngapi?
Anza na kitabu cha gari lako. Kipimo kinachotumika sana ni kila kilomita 40,000 kwa matumizi ya kawaida, na 20,000 kwa gari la mizigo, vumbi na matope. Yaani wengi wetu huku tumo kwenye 20,000.

Maji ni habari nyingine. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kipumulio cha juu ya ekseli kikiwa kimeziba kwa matope, maji hupenya kwenye sili. Ukivuka maji mengi, mwambie fundi aikague oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usihesabu kilomita, imwagwe siku hiyo hiyo.

Ukifika gereji
• Fundi afungue kwanza nati ya juu ya kujazia. Akimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, gari halitoki hapo!
• Aangalie sumaku ya nati ya chini. Ute wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni hatari.
• Difu nyingi hutumia GL-5 ya 80W-90 au 85W-90. Difu ya LSD ina oili yake, usibahatishe.

Nyumbani je?
Fundi mmoja aliwahi kutuambia oili ya difu haibadilishwi mpaka ivuje. Mzee wangu akamkubali, maana siku hiyo mfuko ulikuwa mwepesi. Mimi nikafungua kitabu cha gari. Jioni ile hata chakula hakikunoga! Asubuhi tukakubaliana mambo mawili: kilomita za difu zinaandikwa kwenye daftari la hesabu, na gari likivuka maji, yeyote kati yetu anaweza kusema, "Leo halitoki mpaka likaguliwe." Mwenzake haruhusiwi kumwita mbahili wala mfujaji.

Gharama ya lita chache za oili haifanani hata kidogo na ya difu nzima. Leo mkikaa mezani, muulize mwenzio: "Difu yetu ina kilomita ngapi?" Akikosa jibu, msilaumiane. Kesho nendeni gereji, mkaanze kuhesabu upya.