Mlo wa wazee wa zamani: kupika bila unga wala sukari



Siku hizi watu wanatuuliza dispanserini habari za mlo unaoitwa «paleo». Wengine wameusikia kwa watoto wao wanaosoma, wengine kwa rafiki aliyepunguza tumbo. Wanauliza: je, ni dawa? Je, inabidi kununua vitu vya bei kali? Na mtu wa kazi ya nguvu anaweza kuacha bukari? Tutajibu maswali hayo, kisha tutaingia jikoni pamoja.

JINA HILO LINA MAANA GANI?

«Paleo» ni neno lililotoka katika Kiyunani, maana yake ni «ya kale». Wazo lake ni jepesi: kula namna walivyokula watu kabla ya kuanza kulima mashamba, zaidi ya miaka 10.000 iliyopita. Watu wale walikula nyama, samaki, mayai, majani, matunda, mizizi, mbegu na asali. Hawakuwa na unga wa mashine, sukari ya mfuko, maziwa ya kopo wala mafuta ya kiwanda. Munganga mmoja wa Marekani, Walter Voegtlin, alitoa kitabu juu ya mlo huo mwaka 1975. Mwaka 1985 wataalamu wawili, Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika juu yake katika jarida kubwa la waganga. Mwaka 2002 kitabu cha Loren Cordain kikaeneza jina lenyewe duniani.

Lakini usidhani ni habari ya Wamarekani peke yao. Hapa nchini kwetu, mahali panapoitwa Katanda, kando ya mto Semliki, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ncha za mikuki ya kuvulia samaki, zilizochongwa kwa mifupa na kutiwa meno. Pamoja nazo kulikuwa na mifupa ya kambale wakubwa. John Yellen na Alison Brooks walitangaza habari hiyo mwaka 1995, na walikadiria kwamba vitu hivyo vina miaka karibu 90.000. Basi kambale unayemwona sokoni leo alikwisha kuwa chakula cha watu wa nchi hii tangu zamani hizo.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU?

Linatuhusu kwa sababu ya magonjwa mawili yasiyopiga hodi: mupando wa damu na ugonjwa wa sukari. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kusikia maumivu. Siku moja mshipa unapasuka au unaziba kichwani, na upande mmoja wa mwili unakufa. Kama mtu huyo alikuwa anaendesha gari kubwa au anashika mashine ya kunyanyulia mizigo, hatari inawafikia na wenzake. Na nyumbani, mshahara unasimama.

Chakula si sababu ya pekee, lakini kina sehemu kubwa. Tazama mambo mawili tu:

1. Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Katika kijiko hicho hesabu chumvi ya mboga, ya samaki wa chumvi, na ya vidonge vya supu.

2. Sukari. Shirika hilohilo lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isipite karibu gramu 50 kwa siku, na kwamba ni vizuri zaidi kubaki chini ya gramu 25. Chupa moja ya kinywaji kitamu ya sentilita 33 ina karibu gramu 35. Ukinywa mbili baada ya kazi umekwisha kupita mpaka, hata kabla ya chai.

Faida kubwa ya mlo wa kale iko hapo: unaondoa chupa, unapunguza chumvi na mafuta ya kukaangia, na unarudisha majani na samaki katika sahani.

JE, TUACHE BUKARI?

Hapana. Sisi wa dispanseri hatukuambii hivyo. Wanaofuata mlo huu kwa ukali wanakataza nafaka zote, maharagwe na karanga. Lakini hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Mwaka 2009 Julio Mercader alieleza kwamba katika pango la Ngalue, nchini Msumbiji, alikuta mabaki ya mtama juu ya mawe yaliyotumiwa na watu miaka zaidi ya 100.000 iliyopita. Kwa hiyo wazee wa kale nao huenda walionja nafaka. Tena kiazi kitamu, kinachosifiwa sana na watu wa paleo, kilitoka Amerika, kama mahindi na muhogo.

Mtoto anayekua, mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasinyimwe bukari, maharagwe wala karanga. Katika nyumba nyingi maharagwe ndiyo nyama ya wiki. Na mtu anayetoka jasho saa nane chini ya udongo anahitaji chakula chenye nguvu. Ukimwondolea bukari bila kumpa kitu mahali pake, ataenda kazini na kizunguzungu.

Shauri letu ni hili: mlo mmoja kwa siku upike bila unga na bila sukari. Gawanya sahani hivi: nusu majani na mboga, robo samaki, nyama, mayai au viwavi, na robo ya mwisho kiazi kitamu, ndizi ya kupika au muhogo mtamu. Mtu wa kazi ngumu aongeze kiazi, asiongeze mafuta.

TUINGIE JIKONI

Vipimo hivi ni kwa watu watano. Vyote vinapikwa juu ya mbabula na sufuria moja.

Kambale na lengalenga. Chukua samaki wa kilo moja, mafungu 4 ya lengalenga, nyanya 4, vitunguu 2, limau moja, pilipili, na vijiko 3 vya mezani vya mafuta ya mawese. Safisha samaki, mkate vipande, mpake limau, mwache robo saa. Pasha mafuta polepole. Usiyachome mpaka yawe meupe, kwa maana ile rangi nyekundu ndiyo yenye kitu kinachosaidia macho, na moto mkali unaiharibu. Tia vitunguu, kisha nyanya, kisha samaki na kikombe kimoja cha maji. Funika dakika 15. Tia lengalenga zilizooshwa na kukatwa, ngoja dakika 5 hadi 7, ondoa motoni. Chumvi: nusu ya kijiko kidogo kwa sufuria nzima. Limau na pilipili zitafanya kazi iliyobaki, na baada ya wiki mbili au tatu ulimi utazoea.

Viwavi na nyanya. Loweka vikombe 3 vya viwavi vikavu katika maji ya moto nusu saa, vioshe mara tatu vitoke mchanga, kisha vichemshe dakika 20. Mwaga maji. Kaanga vitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, changanya, acha vikauke kiasi. Onja kwanza kabla ya kutia chumvi, kwa sababu vingine vinauzwa vimekwisha kutiwa. Kiwavi kikavu kina nguvu ya kujenga mwili inayoshinda nyama mbichi ya uzito uleule. Anayewashwa mwili au kuvimba midomo akila viwavi asijaribu tena.

Gameli ya mtu wa posti. Chemsha viazi vitamu 3 pamoja na maganda yake, na mayai 2 mpaka yakauke sawasawa. Weka katika gameli safi, ongeza nyanya moja na nusu ya avoka. Chakula hicho hakimwagiki, hakihitaji kupashwa moto, na kinamshibisha mtu wa posti ya usiku kuliko mkate na kinywaji kitamu. Yai lenye ganda linavumilia. Samaki wa jana katika joto la kiwandani havumilii.

VITU VITAMU KWA WATOTO NA WAGENI

Mikate ya ndizi. Ponda ndizi mbivu 4, piga mayai 5, changanya mpaka uji uwe laini. Pakaza mafuta kidogo katika karai, mimina kijiko kimoja kimoja cha mezani, geuza polepole moto ukiwa mdogo. Haina unga wala sukari, lakini watoto wataimaliza kabla haijapoa.

Mbegu za maboga. Usizitupe. Zioshe, zianike, zikaange bila mafuta mpaka zianze kupasuka. Ni nzuri peke yake au juu ya papai lililokatwa.

Matunda ya pori. Mvua zikianza, masuku yanajaa sokoni. Osha, kula. Hakuna pipi inayoyashinda.

Asali pia ni chakula cha kale, lakini ni sukari vilevile: kijiko kidogo kimoja kinatosha. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza mwili wake mpaka pumzi ikatike.

ANGALIA SANA

1. Wewe unayemeza dawa za sukari kama glibenklamidi, au unayechomwa sindano ya insulini: usipunguze bukari kabla ya kuongea na munganga. Dawa inabaki ileile, chakula kinapungua, na sukari ya damu inaanguka. Dalili ni jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafula, macho kuona giza, maneno kuchanganyika. Likikupata kazini, simamisha mashine, mwite mwenzako. Mwenzako akupe mara moja maji yenye sukari au kinywaji kitamu. Siku hiyo chupa ile ni dawa. Mtu akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni: mlaze kwa ubavu na uite watu wa dispanseri.

2. Wewe unayemeza dawa ya mupando wa damu: usiiache kwa sababu umeanza kula majani. Mlo unasaidia dawa, haufukuzi dawa. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa maana nyama nyingi zinaweza kumdhuru.

3. Mtu wa tanuru anayetoka jasho jingi: juu ya maji na chumvi fuata maagizo ya dispanseri ya kazi.

4. Muhogo. Ule mchungu una sumu. Lazima ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa vizuri. Asiyefanya hivyo, na asiyepata samaki wala maharagwe, anaweza kushikwa na konzo, ugonjwa unaokaza miguu, usioponyeka. Munganga Trolli aliueleza mwaka 1938 kwa watu wa Kwango, na hata leo haujaisha nchini. Sombe nazo zitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

5. Nyama ya pori. Usiguse wala usile mnyama uliyemkuta amekufa. Ebola ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, na mmoja wapo wa miji ilikoanzia ni Yambuku, katika nchi yetu. Mizoga ya porini ni njia moja ya kuipata.

6. Uyoga. Nunua kwa mama anayeujua. Uyoga usioujua usiuokote, hata ukifanana na ule unaoujua.

7. Vumbi la mgodi. Mwaka 2009 wachunguzi walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini hapa Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao. Osha majani mara tatu kwa maji safi. Lakini maji yanaondoa vumbi la juu tu, hayaondoi kilichoingia ndani ya mmea. Kwa hiyo usilime mboga kando ya takataka za kiwanda, wala usivue samaki katika maji yanayotoka humo. Na wewe baba, vua nguo za kazi na unawe kabla ya kukaribia jiko au kumbeba mtoto.

TUANZE WAPI?

Usikope pesa kwa ajili ya nyama. Wazee wa kale hawakula nyama kila siku, walikula walichopata. Wiki hii fanya mambo matatu: ondoa kinywaji kitamu mezani, weka maji, ongeza fungu moja la majani katika kila sufuria, na pika mlo mmoja kwa siku bila unga. Wiki ijayo endelea.

Kabla ya kuanza, baba na mama pitieni dispanserini mpimwe mupando wa damu. Haichukui dakika 5. Ukiwa 140 kwa 90 au zaidi, tutaupima tena siku nyingine ili kuhakikisha. Lete karatasi yako, tuandike namba ya leo, na baada ya miezi mitatu tuilinganishe na namba mpya.

Mfanyakazi mwenye afya anarudi nyumbani salama. Afya hiyo inaanza katika sufuria.