"Sawa", "Sambamba" na "Mlalo": Istilahi za Kabati la Jikoni

Neno "sawa" hutumika kila siku, wala hatuna nia ya kulikataza. Lakini katika hati za ujenzi neno hilo laweza kuwatia hasara mwenye nyumba na fundi pia. Tuchukue mfano wa nyumba za zamani mjini Arusha.

Mji huo ulikua kandokando ya boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho, na nyumba za enzi za ukoloni zingalipo. Anayetaka kutia makabati mapya katika jiko la nyumba ya namna hiyo hukutana na shida moja: kabati huundwa karakanani likiwa na pembe mraba, ilhali ukuta mkongwe huenda umeinama na sakafu imetitia.

Sasa hati yasema: "Kabati liwe sawa na sakafu." Fundi mmoja ataelewa kwamba kabati liifuate sakafu, mwingine, kwamba lisiinamie upande wowote. Sakafu ikiteremka sentimita 2 katika urefu wa mita 3, fasiri hizo mbili huzaa kazi mbili tofauti. Katika ile ya kwanza, baadhi ya milango itajifungua yenyewe na maji yaliyomwagika juu ya kabati yatakimbilia upande mmoja. Mwenye nyumba atakataa kulipa. Fundi ataonyesha hati. Hakuna aliyedanganya. Kosa ni la mwandishi.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Somo la hisabati limetuzoesha "sambamba", yaani mistari isiyokutana kamwe. "Mlalo" ni mwelekeo wa uso wa maji yaliyotulia. Hupimwa kwa pimamaji. "Wima" ni mwelekeo wa uzi unaoning'inia ukiwa na kitu kizito nchani. Uzi huo ndio timazi. Kilichoacha wima au mlalo kimekwenda "hanamu".

Kwa istilahi hizo kazi yaelezwa bila utata:

1. Fundi atafute kwa pimamaji mahali palipoinuka zaidi sakafuni, aanzie hapo, na kuchora ukutani mstari wa mlalo.
2. Makabati mengine yainuliwe kwa kabari mpaka yaufikie mstari huo.
3. Kila kabati lisimamishwe wima kwa timazi, kisha yaunganishwe kabla ya kukazwa ukutani.
4. Mwanya utakaobaki uzibwe kwa ubao uliochongwa kuufuata ukuta.

Tazama kwamba ubao wa mwisho pekee ndio unaofuata hanamu ya nyumba.

Basi mtumishi aandikaye masharti ya kazi aandike "mlalo kwa pimamaji" au "sambamba na sakafu", kadiri ya makusudio yake. Mfasiri naye, kabla ya kuandika "sawa", ajiulize: sawa na nini? Na mwalimu akifundisha maneno haya, awapeleke wanafunzi kwa seremala wayaone yakifanya kazi.