Kizunguzungu na Maradhi ya Tezi ya Shingo

Mgonjwa anaposema ana kizunguzungu, neno hilo moja huweza kuwa na maana mbili zilizo mbalimbali kabisa, na mganga asiyezipambanua huenda akatibu ugonjwa usiokuwapo. Maana ya kwanza ni ya mtu anayeona nyumba, miti na watu vikimzunguka, mithili ya mtoto aliyejizungusha uwanjani mpaka akaanguka. Maana ya pili ni ya mtu ambaye hakuna kinachomzunguka, lakini ainukapo kitandani macho huingia giza, magoti hulegea, naye hutafuta ukuta wa kuegemea. Hali ya kwanza aghalabu hutokana na sikio la ndani, ambamo mna viungo vinavyoujulisha ubongo jinsi kichwa kilivyokaa na kinavyogeuka. Hali ya pili hutokea ubongo unapopungukiwa na damu kwa muda mfupi. Wagonjwa wa tezi ya shingo hupatwa zaidi na hali hii ya pili, na sababu zake zastahili kuelezwa kwa kirefu.

Tezi hiyo, ambayo katika vitabu vya biolojia huitwa dundumio, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni kutokana na iodini, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la madini joto. Homoni moja, thairoksini, ina atomu 4 za iodini. Nyingine, iliyo na nguvu zaidi, ina atomu 3. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250, kiasi kilicho kidogo mno. Hata hivyo bila ya kiasi hicho kidogo tezi huvimba ikijitahidi kufanya kazi, na uvimbe huo ndio rovu. Lakini rovu lenyewe halionyeshi kwamba homoni zimezidi au zimepungua. Mwenye rovu kubwa aweza kuwa na homoni za kawaida, na mwenye shingo nyembamba isiyo na uvimbe wowote akawa mgonjwa sana. Jambo hili husahauliwa mno.

Ili kuelewa homoni hizo zinavyohusika na kizunguzungu, yafaa kwanza kutazama mwili unavyosimama. Mtu anapoinuka, damu ya kiasi cha nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Kwa mwenye afya, vihisi vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua hutambua mara moja kwamba shinikizo la damu limeshuka. Moyo huongeza kasi, mishipa hujibana, na mambo hurekebishwa kabla mtu hajapiga hatua ya pili. Ubongo hauwezi kungoja. Ijapokuwa uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, hupokea kadiri ya sehemu 15 katika 100 za damu isukumwayo na moyo, na ukikosa damu hiyo kwa sekunde chache tu mtu huzimia. Sasa basi, homoni za dundumio hugusa kila kiungo cha marekebisho hayo: nguvu za moyo, kasi yake, upana wa mishipa, hata wingi wa damu yenyewe.

Zinapozidi, mwili huwa kama jiko lililochochewa kupita kiasi. Moyo hupiga mara 100 au zaidi kwa dakika hata mtu akiwa amelala. Mishipa ya ngozi hutanuka ili kutoa joto. Jasho humtoka, na wengine huharisha, hivyo maji ya mwili hupungua. Mtu wa namna hii akiinuka ghafla, moyo wake hauna akiba kubwa ya kasi ya kuongeza, na mishipa iliyokwisha kutanuka ni mizito kujibana. Wakati mwingine moyo hupoteza mpangilio kabisa, vyumba vyake vya juu vikatetemeka badala ya kusukuma. Hapo kizunguzungu ndilo dogo katika mambo ya kuogopwa, kwani damu inayotuama katika vyumba hivyo huweza kuganda, na donge likipanda ubongoni huleta kiharusi.

Wazee ndio walio hatarini zaidi, nao mara nyingi hawaonyeshi dalili zijulikanazo za mikono kutetemeka au macho kutokeza. Katikati ya miaka ya 1990, huko Kivu, mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wachunguzi walikuta watu ambao homoni zao zilizidi baada ya chumvi yenye iodini kuanza kuliwa. Sababu yake ni kwamba ndani ya marovu ya miaka mingi huota vinundu visivyotii tena amri ya ubongo. Vinundu hivyo vilikuwa kimya kwa kukosa iodini tu, na vilipoipata vikaanza kutengeneza homoni bila kipimo. Chumvi hiyo isilaumiwe, maana bila ya iodini watoto huzaliwa viziwi na wenye akili zilizodumaa. Lakini mzee mwenye rovu la tangu ujana, akianza kuona giza na kusikia moyo unamwenda mbio, asiambiwe kwamba ni uzee.

Homoni zinapopungua, kizunguzungu huja kwa njia iliyo kinyume. Moyo huenda polepole na kusukuma damu kidogo. Uboho hulegea katika kazi yake ya kuunda chembe nyekundu; wanawake nao huweza kupata hedhi nzito, na upungufu wa damu ukazidi. Figo hushindwa kutoa maji ipasavyo, chumvi ya damu ikazimuliwa. Mgonjwa huhisi baridi, huvimba uso, hufunga choo, na mambo yote haya huja taratibu mno hata jamaa zake humdhania mvivu.

Tangu mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomtibu mwanamke mmoja kwa utomvu wa tezi za kondoo, upungufu huo umekuwa na dawa. Mwanamke yule aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi hutolewa vidonge vya thairoksini, navyo vyataka subira. Nusu ya dawa iliyoingia mwilini hubaki humo kwa muda wa siku 7 hivi, kwa hiyo matokeo ya kubadili kipimo hayaonekani sawasawa mpaka wiki 6 zipite. Mgonjwa anayejiongezea kidonge leo kwa sababu jana aliona kizunguzungu atajikuta, baada ya mwezi, na kizunguzungu cha homoni kuzidi. Wajawazito, ambao hupewa vidonge vya madini ya chuma, wapaswa kuviachanisha na thairoksini kwa saa 4, kwani chuma huizuia isifyonzwe. Kwa upande mwingine, propranololi, itumikayo kutuliza moyo wa mwenye homoni nyingi, yenyewe huteremsha shinikizo la damu, na haifai kabisa kwa mwenye pumu.

Kuna hali moja ambayo haba ya kutokea kwake isimfanye mganga aisahau. Juu ya figo mna tezi mbili ndogo, na mwili wa mtu mmoja huweza kuzishambulia pamoja na dundumio. Kifua kikuu nacho huziharibu. Dalili zake ni kizunguzungu kikali wakati wa kusimama, kukonda, hamu ya chumvi, na weusi usio wa kawaida kwenye fizi na mistari ya viganja. Mgonjwa huyo akipewa thairoksini peke yake, homoni chache za tezi za figo alizobakiwa nazo huteketezwa kwa haraka zaidi, naye aweza kufa. Hana budi kutibiwa tezi za figo kwanza.

Zahanati isiyo na maabara haikosi la kufanya. Mgonjwa alazwe dakika 5, apimwe shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha asimame na kupimwa tena kabla ya dakika 3 kwisha. Shinikizo la juu likishuka kwa milimita 20 au zaidi, kizunguzungu chake ni cha damu. Mapigo yakiwa ya kasi sana, ya polepole sana au yasiyo na mpangilio, apelekwe hospitali ambako damu yake itapimwa homoni, na vidonge alivyokuwa akitumia vifungwe pamoja na barua.