Kalamu Kwenye Tundu la Tatu

Karibu kila chumba cha hosteli hapa chuoni kina kalamu moja ambayo haiandiki. Kazi yake ni kufungulia soketi. Una chaja ya pini mbili, soketi ina matundu matatu, unachomeka kalamu tundu la juu, yale mawili ya chini yanafunguka, chaja inaingia. Mimi ndiye niliyeupeleka ujuzi huu nyumbani, Isongole, likizo ya mwaka wa kwanza, nikamfundisha mdogo wangu. Dogo akauliza kama hapo juu hapana umeme. Nikamjibu kisomi kabisa: hapana, hilo tundu halina umeme.

Likizo iliyofuata dogo hakuwa na kalamu karibu. Akachukua msumari.

Mkono ukanata. Alikuwa pekupeku, sakafu imelowa, si unajua mvua za Ileje. Mama hakumshika. Alikimbilia swichi kubwa ya kwenye mita, akazima kwanza, ndipo akamfuata mtoto. Angemshika kabla ya kuzima wangenata wote wawili. Dogo alibaki na kidonda cha moto kwenye vidole viwili, na mimi nikabaki na swali: umeme ulifikaje kwenye tundu nililosema halina umeme?

Plagi hii ya pini tatu tumeirithi kwa Waingereza, walioiwekea viwango mwaka 1947, na ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta ukivuka mto Songwe kwenda Malawi. Pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi. Inaingia kwanza, inafungua vifuniko vya matundu ya chini, na papo hapo inaunganisha kifaa na ethi kabla umeme haujakifikia. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unatoka kwenye bodi ya chuma ya kifaa, unapita kwenye soketi, unakwenda hadi fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Waya wa laivu ukichubuka ndani ya pasi ukagusa chuma, umeme unapata njia ya kukimbilia ardhini bila kupitia kwako.

Sasa, kwetu fimbo haikuwepo. Fundi mwingine aliyekuja baadaye alituonyesha: waya wa ethi ulikuwa umepita ukutani vizuri tu, umeunganisha soketi zote za nyumba, lakini kule nje haukuishia popote. Jikoni kulikuwa na birika la umeme lililochoka, bodi ya chuma, limechomekwa kwa pini tatu. Umeme ulivuja ndani ya birika, ukaingia kwenye waya wa ethi, ukakosa pa kwenda, ukabaki unasubiri kwenye matundu ya juu ya soketi zote, pamoja na ile ya sebuleni. Yaani waya uliowekwa kutulinda ndio uliosambaza hatari nyumba nzima. Dogo na msumari wake wakawa ndiyo fimbo.

Kiukweli tulishaambiwa. Wiki kadhaa kabla, mama alikuwa akisema lile birika linamtekenya vidole. Dawa yetu ilikuwa kulishika kwa kitambaa.

Na breka haikukata. Hapa wengi tunadanganyika. Breka ya kawaida, tuseme ya ampia 32, kazi yake ni kulinda waya za ukutani zisiungue. Mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya ampia moja, kwa hiyo breka hiyo itakutazama tu. Inayomlinda mtu ni ile nyingine yenye kitufe kidogo cha kujaribia, inayokata ikihisi umeme wa ampia 0.03 tu umevuja. Kama geto lako linayo, bonyeza kitufe hicho. Isipokata, haifanyi kazi.

Kwa nini fimbo ilirukwa? Mimi nadhani ni kwa sababu haionekani. Tunaposema umeme wa vijijini ni shilingi 27,000, hiyo ni kuunganishiwa. Nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba, na bajeti ikibana kinachokatwa ni kile ambacho taa zinawaka bila hicho. Leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, na mteja anaweza kumwomba fundi aonyeshe yake. Sisi tulimwita aliyekuwa karibu.

Kwa mliopanga mageto: zunguka nje, tafuta pale waya wa ethi unapoingia ardhini, uone kama haujakatika au kuibwa. Pasi ikikutekenya, ichomoe na uache kuitumia, usivae ndala ukaendelea. Chaja ya simu yenyewe haihitaji ethi kwa sababu bodi yake ni plastiki, ila pini zake nyembamba zinachezacheza kwenye soketi, zinapiga cheche, na hazina fyuzi. Adapta yenye fyuzi inamaliza tatizo. Na ekstensheni: fyuzi ya ampia 13 kwa volti 230 inabeba takriban wati 3,000 kwa soketi zote kwa pamoja. Birika la 2,000 na pasi ya 1,200 tayari umepita, na ekstensheni nyingi za bei poa waya wake hata hizo 3,000 hauzifikii.

Nyumbani fimbo imeshapigwa, birika limetupwa. Boom lilipoingia nikamnunulia dogo adapta. Juzi kanipigia simu, kauliza tena kama sasa tundu la juu halina umeme. Nikamwambia asubiri fundi aje apime.