Dawa ya selimundu: kapsuli ya zamani, soko bado changa

KATIKA masoko ya Kilosa na Mikumi, mnunuzi huulizia bei ya debe la mahindi au gunia la vitunguu kabla hajatoka nyumbani. Lakini ipo bidhaa ambayo familia yenye mgonjwa wa selimundu huihitaji kila siku ya mwaka, na bei yake haitangazwi popote. Bidhaa hiyo ni haidroksiyurea, kapsuli ya kuzuia mashambulizi ya ugonjwa huo.

Selimundu, au sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kuwa Tanzania hupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na hivyo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani.

Kwa mtoto mdogo, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba mikono na miguu kwa maumivu makali. Chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Anapokua, mashambulizi huhamia mgongoni, kifuani na kwenye mifupa mirefu.

Inavyofanya kazi

Haidroksiyurea huufanya mwili utengeneze kwa wingi hemoglobini ya aina aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama. Hemoglobini hiyo huzuia chembe zisijipinde. Dawa haiponyi ugonjwa, wala haitulizi shambulio lililokwisha kuanza. Ni kinga, na humezwa kila siku.

Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kwa Afrika, ushahidi mkubwa ulitolewa mwaka 2019, baada ya watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kupewa dawa hiyo. Mashambulizi ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria vivyo hivyo. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Hesabu ya mnunuzi

Kapsuli ya kawaida ina miligramu 500. Dozi ya kuanzia huwa karibu miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 25 humeza kapsuli 1 kwa siku, na mtu wa kilo 50 humeza 2.

Kwa hiyo kila shilingi 100 inayoongezeka juu ya bei ya kapsuli moja ni shilingi 36,500 kwa mwaka kwa mtoto huyo, na shilingi 73,000 kwa mtu mzima. Tofauti inayoonekana ndogo kati ya duka na duka si ndogo hata kidogo.

Zipo gharama nyingine mbili: nauli, na kipimo cha picha kamili ya damu. Kipimo hakikwepeki, kwani dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe.

Kwa nini huadimika

Sababu si hataza. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu kapsuli mpya, berotralstat, ya kuzuia ugonjwa mwingine wa kurithi unaovimbisha uso, tumbo na koo. Hiyo nayo ni kapsuli 1 kwa siku, lakini ilitolewa sokoni kwa bei ya karibu dola 500,000 kwa mwaka. Haidroksiyurea hailindwi na hataza, na viwanda vingi huitengeneza.

Tatizo ni mahitaji yasiyohesabiwa. Hospitali huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita. Mgonjwa asiyeandikishwa hahesabiwi, na dawa isiyotoka haiagizwi. Mwenye famasi binafsi naye huogopa kufunga mtaji katika dawa itakayoisha muda ikiwa rafuni.

Anayeikosa Kilosa au Mikumi hulazimika kuifuata Morogoro au Dar es Salaam. Dozi ikikatika kwa wiki kadhaa, kinga hupungua na mashambulizi hurudi. Siku za kulazwa hapo huweza kugharimu kuliko kapsuli za mwezi mzima.

Ushauri kwa mnunuzi

Andikisha mgonjwa katika kliniki ya hospitali na uhudhurie bila kukosa, ili mahitaji yake yaingie kwenye maagizo. Mwenye bima aulize kwanza kama dawa imo. Linganisha bei kwa kapsuli, si kwa pakiti. Agiza ya mwezi ujao kabla ya ile iliyopo kwisha.

Usinunue bila cheti cha daktari. Mjamzito, au anayetarajia kupata mtoto, amweleze daktari kabla ya kuitumia. Mgonjwa akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.