Yeye Mbio, Mimi Vyuma: Tulivyogawana Wiki Moja

Kuna jioni mtoto wetu wa miaka mitatu alimuuliza dada anayetusaidia kazi za nyumbani, "Leo baba na mama watalala hapa?" Dada alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Tulikuwa tunalala nyumbani kila siku, sote wawili. Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa hatuoni. Mume wangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, siku sita kwa wiki, kwa sababu alijiandikisha kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, zile kilomita 21.1 za kule Moshi. Mimi nikitoka ofisini napitia jimu kunyanyua vyuma, siku tano kwa wiki, halafu ndiyo naanza kupambana na foleni ya Dar. Nafika saa tatu usiku, mtoto ameshalala, na mwenzangu anapiga miayo kwa sababu kesho anaamka alfajiri.

"Mke wangu, siku hizi nakuona kama mwenye nyumba," aliniambia. "Mwisho wa mwezi tu, ukija kudai kodi."

Basi bwana, ikawa vita. Mimi nikamwambia miguu yake imekuwa kama ya korongo. Yeye akaniambia nikipanda ngazi hadi ghorofa ya nne nahema kama nimebeba friji. Si unajua tena, ukweli ndio unaouma. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua kila akishuka ngazi, na mimi kweli nilikuwa sina pumzi.

Tulipotaka vyote

Tukafanya suluhu: kila mmoja aongeze mazoezi ya mwenzake. Wazo zuri, utekelezaji mbovu. Mimi niliacha siku zangu tano za vyuma kama zilivyo, nikaongeza siku nne za mbio. Yeye akabaki na mbio zake sita, akaongeza vyuma mara tatu. Ijumaa usiku alikuwa anapiga skwati nzito, Jumamosi alfajiri anakwenda kukimbia kilomita 16!

Wiki ya tano mambo yakaharibika. Chuma nilichokuwa nanyanyua mara nane, mara ya tano nakirudisha chini. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Ofisini nafokea watu kwa vitu vidogo. Mwenzangu akaanza kuchechemea. Na yule mtoto, ambaye kwa ajili yake tulikaa mezani kusuluhishana, akawa anatuona kidogo zaidi kuliko mwanzo.

Tulikwenda wote kwa mwalimu wangu wa jimu, tukamweleza ratiba yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mnapumzika lini?"

Tukatazamana.

Mwili hauko kiwanjani tu

Kumbe jambo hili lina historia. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha utafiti wa wiki 10. Kundi moja lilinyanyua vyuma siku tano kwa wiki, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi siku sita, na la tatu likafanya yote mawili kwa pamoja. Kundi la tatu lilipata pumzi kama wenzao, na nguvu zao zilipanda vizuri kwa wiki saba hivi. Baada ya hapo zikasimama, na wiki za mwisho zikaanza kushuka.

Usikimbilie kusema mbio zinakula misuli. Wale watu walikuwa na kazi nzito karibu kila siku. Mtu anayefanya kwa kiasi anaweza kupata faida zote mbili bila shida. Misuli hujijenga wakati wa kula na kulala, baada ya mazoezi kwisha. Ukiibomoa kila siku, inajengwa saa ngapi?

Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, halidai makubwa. Kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 kama ni makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sisi tulikuwa tumepitiliza mbali!

Wiki yetu ilivyo sasa

Jumatatu jioni: vyuma, mwili mzima, dakika 45, nyumbani kwa dambeli. Skwati, kupanda stuli kwa mguu mmoja, pushapu, kuvuta dambeli kwa ajili ya mgongo, planki. Mtoto ndiye anayehesabu, ingawa akifika saba anarudi tatu.

Jumanne alfajiri: mbio nyepesi, dakika 30. Kama huwezi kuongea na mwenzako huku unakimbia, punguza kasi.

Jumatano: mapumziko. Chakula cha usiku mezani, watu wote watatu.

Alhamisi: asubuhi mbio za kasi, dakika mbili haraka na mbili taratibu, mara sita. Jioni vyuma tena. Siku ngumu iwe ngumu kweli, ili siku nyepesi ibaki nyepesi.

Ijumaa: mapumziko. Hakuna kugusa chuma kwa miguu.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijawaka: mbio ndefu kandokando ya bahari, Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022.

Jumapili: ibada, ndugu, na pilau bila hesabu.

Kama mazoezi mawili yameangukia siku moja, anza na lile unalolitaka zaidi, na uyape nafasi ya saa sita hivi katikati. Ongeza umbali au uzito kidogo kidogo, usiongeze vyote wiki moja. Na usikimbie njaa: wali au ugali wa kukupa nguvu, maharage, samaki au mayai ya kujenga misuli. Ukiwa na maumivu yasiyoisha, muone daktari kwanza. Mume wangu alimuona, akaambiwa apunguze kilomita na aimarishe mapaja na nyonga.

Kila mmoja alipoteza kitu

Sitakudanganya, msomaji. Nilikuwa na uzito fulani niliotaka kuunyanyua kabla ya siku yangu ya kuzaliwa. Sikuufikia. Yeye alitaka kumaliza Moshi chini ya saa mbili. Njia ile inapanda mlima kuelekea Mweka, kisha inateremka, na kwenye mteremko ndiko magoti yanakoumbuka. Alimaliza kwa saa mbili na dakika 14.

Mimi na mtoto tulikuwa tunamsubiri kwenye utepe. Jioni, tulipokuwa tunatoka kwenda kula, nilimwangalia akishuka ngazi za hoteli bila kushika ukuta, mtoto amembeba mabegani.

"Baba," mtoto akauliza kule juu, "kesho tunahesabu?"

"Kesho tunapumzika," akamjibu. "Jumatano tutahesabu."