Kuzimua Si Kuzima

"Mwalimu, nimekoroga unga wote, mbona haung'ai?" Wiki hii aliyeniuliza ni fundi bomba anayetafuta mahali tangi linapovuja. Pakiti nzima ya floresini, nusu kilo, ameikoroga kwenye ndoo ya lita 20, akaimulika gizani, akaona maji mazito yenye wekundu wa chai ya rangi. Kisha likaja swali ambalo nimechoka kulisikia: "Niongeze pakiti nyingine, au niyapashe moto?"

Usiongeze. Wala usipashe.

Imani kwamba rangi ikikolea ndipo inang'aa imetoka jikoni, kwa chumvi na sukari. Kwa rangi zinazotoa mwanga, ni kweli mwanzoni tu. Molekuli ya floresini humeza mwanga wa buluu, husisimka, na baada ya nanosekunde 4 hivi huutema ukiwa wa kijani. Ikiwa peke yake kwenye maji yasiyo na asidi, hufanikiwa takriban mara 9 kati ya 10. Zikisongamana, iliyosisimka huitupia nishati jirani yake, nayo huitupia nyingine, mpaka iangukie jozi iliyolaliana kama sahani mbili. Jozi hiyo haiwaki. Nishati yote hupotelea kwenye joto. Na mwanga wa tochi wenyewe humezwa juu juu, hauzami ndani ya ndoo.

Asiyeamini amtazame daktari wa macho. Akishuku kwamba jeraha la jicho linavuja, hupaka floresini nzito juu yake na kumulika kwa buluu. Rangi inaonekana ya giza. Maji ya ndani ya jicho yakipenya, huizimua, na hapo hapo mchirizi wa kijani kikali unateremka. Kinachong'aa ni pale rangi ilipopungua! Kipimo hicho kinaitwa cha Seidel, na kinategemea jambo lile lile ambalo mafundi wetu wanaliita unga mbovu.

Mwaka 1877, Ujerumani, kilo 10 hivi za rangi hii zilimwagwa pale Mto Danube unapodidimia ardhini. Saa 60 baadaye chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12 hivi, ilitoka kijani. Kilo 10 kwa mto, na bado mtu ananiomba pakiti ya pili kwa ndoo!

Habari ya kupasha moto imetokana na vile vijiti vya plastiki vinavyowaka ukivivunja. Humo mwanga unazaliwa na mmenyuko wa kikemikali, na joto huuharakisha: vinawaka zaidi, vinakwisha mapema. Kwenye ndoo hakuna mmenyuko wa kuharakisha. Joto huzitikisa na kuzisokota molekuli, nishati ikatoka kabla haijawa mwanga. Floresini huathirika kidogo. Rodamini B, rangi nyingine inayotoa mwanga, hupoteza takriban asilimia 2 ya mwanga wake kwa kila nyuzi moja ya selsiasi.

Ndiyo, zipo molekuli za kinyume. Mwaka 2001 kundi la Ben Zhong Tang, Hong Kong, lilieleza misombo iliyofifia ikiyeyushwa na kuwaka ikigandamana, kwa kuwa mikono yake inayozunguka hubanwa isitapanye nishati. Floresini ni bapa, haina mikono hiyo. Usiichanganye nayo.

Basi: zimua mara kumi, tazama, zimua tena. Tumia tochi ya buluu. Maji yakiwa na asidi, tia chembe ya baking soda kwenye glasi ya kupimia. Fanya kazi jioni, jua linaiua rangi, klorini pia. Ukilinganisha sampuli, ziwe na joto moja. Rodamini isikaribie tangi la maji ya kunywa.

Fundi nilimwambia achote kijiko kimoja cha chakula kutoka ndoo yake, akimimine kwenye ndoo nyingine ya maji safi. Ikawaka kijani mpaka ukingoni. Gramu 1 inatosha lita 1,000. Pakiti aliyodhani imeharibika ilikuwa ya matangi 500.